Kopo la Majina Magumu

Jina lenyewe la chama lilikuwa kosa, na lawama zote ni za Padri Anselmi, Mungu amrehemu yeye na ndevu zake. Padri alitoka Ulaya na Kiswahili chake cha kitabuni, na katika mafundisho yote hakuna lililompendeza kama lile la kutoa kwa mkono wa kulia na wa kushoto usipate habari. Basi alipowakusanya vijana wa kanisa la mabati, pale nyuma ya soko la Kariakoo, akawapa jina: Vijana wa Mkono wa Kushoto. Akaliandika kwenye ubao kwa rangi ya bluu, akautundika mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu kuutazama kwa furaha. Nani angemwambia? Huku kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haitajwi watu wakiwa wanakula. Hebu mpe mtu kashata kwa mkono huo uone atakavyokutazama! Mahamali wa sokoni walipowaona vijana wale wanapita, walitua magunia wapate kucheka vizuri. "Hao wa kushoto wanapita," walisema. "Jamani, msiwape mkono!"

Kicheko kando, imani yao ilikuwa nzuri, tena fupi. Kariakoo ina wapiga kelele wa kutosha, alisema Padri: wa samaki, wa khanga, wa dawa ya kunguni. Mungu hahitaji mwingine. Kijana Mkristo afanye jema kwa mikono yake, kisha anyamaze. Hakuna kumuuliza mtu dini yake kabla ya kumbebea ndoo. Jema likitangazwa limekufa, lizikwe. Kila Jumamosi alasiri walikutana, wavulana kwa wasichana, kumi na mmoja, wakafanya mazoezi ya kwaya, wakanywa chai ya rangi, kisha wakatawanyika kwenda kufanya mema yao kwa kunyatia kama wezi wa kuku.

Katibu wao aliitwa Aristides. Alikuwa kijana wa Rombo, miaka ishirini na minne, karani katika ghala la nafaka la Kantilal, Mtaa wa Kongo. Alivaa koti la kijivu hata jua lilipokuwa linapasua mawe, na katika mfuko wa koti alikuwa na kalamu mbili, daftari la wachelewaji, na filimbi. Naam, filimbi! Ukichelewa dakika tano, unapulizwa. Ukikosea Kilatini, unapulizwa. Tarsis, fundi baiskeli mwenye sauti ya besi iliyokuwa ikienda inakotaka yenyewe, alipulizwa mara nyingi kuliko mpira wa kona. Aristides hakuwa na chuki hata chembe. Yeye aliamini tu kwamba kumpenda mtu ni kumnyoosha, na kwa imani hiyo alikuwa akiwapenda wenzake kutwa kucha bila kupumzika.

Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja. Mwenyekiti wa chama alikuwa ameoa na kurudi Moshi, na mwingine angechaguliwa Jumatatu ya Pasaka. Aristides aliutaka uenyekiti kwa moyo wote, ingawa usoni alijitia hamnazo, kama mtu anayeombwa kubeba msalaba na hapendi kukataa.

Basi Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima, mwaka 1954, akasimama na kopo tupu la biskuti mkononi. Alikuwa na wazo, na wazo hilo, alisema, lilimjia katika sala.

"Kila mmoja aandike jina la mtu mmoja ambaye kumpenda kunamshinda," alisema. "Mwenye nyumba wako, tajiri wako, askari wa soko, yeyote. Majina yaingie humu, tuyachanganye, kila mtu achote moja. Utakayemchota, Kwaresima nzima mtendee mema kwa siri. Mwenzako kashindwa kumpenda, wewe utampenda kwa niaba yake. Jumamosi Kuu tunachoma karatasi zote, na hakuna ruhusa ya kusoma ya mtu."

"Na mtu akichota jina lile lile aliloandika?" aliuliza Severa. Huyu alikuwa msichana wa Kibosho, alimsaidia mjomba wake kuuza maharage Mtaa wa Swahili, na maswali hayakumwisha.

"Basi Mungu kamjibu," alisema Aristides, na wote wakacheka.

Hakuna aliyeuliza swali la pili, yaani, je, mtu akichota jina lake mwenyewe? Padri Anselmi alikuwa ameketi pembeni akikuna ndevu. Alisema tu, "Vizuri. Lakini kopo hilo ni zito. Mlibebe taratibu."

Aristides akakata karatasi sawasawa kwa rula. Akaamuru watu waandike kwa herufi kubwa, kusudi mwandiko usijulikane, na ole wake atakayeandika vinginevyo. Yeye mwenyewe aliandika KANTILAL bila kufikiri, kwa sababu tajiri yule kila jioni alimpekua mifuko na kila asubuhi alimwita kwa jina la karani aliyemtangulia. Kopo likatikiswa. Mikono ikaingia. Aristides akaingiza wake wa mwisho, kama anavyopaswa kiongozi, akaikunjua karatasi kifuani.

ARISTIDES, ilisema.

Akaisoma tena. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawakusema kwamba ataingia kichwa chini miguu juu, mbele ya kwaya nzima. Mmoja kati ya watu hawa kumi, waliokuwa wakinywa chai na kupigana viwiko, alipoambiwa afikirie mtu mgumu kupita wote Dar es Salaam, pamoja na askari wake wote na wenye nyumba wake wote, alikuwa amemfikiria yeye. Iliuma. Tusidanganyane, iliuma kama mwiba chini ya ukucha. Akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, akasahau kupuliza filimbi ya kufunga mkutano.

Nani? Jumapili nzima aliwapitia mmoja mmoja. Mwandiko usingemsaidia kitu, maana alikuwa ameufunga mwenyewe kwa amri yake. Mwisho shaka ikamwangukia Tarsis. Lazima ni Tarsis! Besi mbovu na kinyongo hukaa chumba kimoja.

Jumanne akamwendea Padri, aliyekuwa akimwagilia mchicha wake nyuma ya kanisa.

"Padri, mtu akichota jina lake mwenyewe afanyeje? Namuulizia mwenzangu."

Padri alimwagilia tuta zima kabla ya kujibu. "Kanuni ni kanuni," alisema. "Mwambie mwenzako amhudumie huyo mtu kama wengine wanavyohudumiwa. Akae naye siku zote hizi. Asikilize anavyosema na watu. Pengine hajamsikiliza bado."

"Nitamwambia," alisema Aristides.

Siku ya kwanza alijihudumia kwa vitumbua viwili na soda. Akaona haya, maana ilikuwa Kwaresima. Siku ya pili akakata shauri kumsikiliza huyo mtu, kama alivyoagizwa, na Jumamosi akaenda naye kwenye mazoezi. Ajabu, kumbe alikuwa na kelele! "Tarsis, funga mdomo, unaimba kama jahazi linalopasuka." Nani kasema hivyo? Yeye. "Josepha, kama huwezi kuja mapema bora usije." Yeye tena. "Severa, dakika saba. Nakuandika." Alitazama uso wa Severa wakati anamwandika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu siku zote alikuwa akitazama daftari. Uso ule haukuwa umenyooka hata kidogo. Ulikuwa umechoka. Akaifuta dakika saba ile kwa kidole chenye mate, akachafua ukurasa.

Wiki ya tatu filimbi ikabaki nyumbani. Alisema imepotea.

Sasa sikiliza maajabu. Kuanzia siku zile zile, mambo mazuri yakaanza kumtokea Aristides bila mwenyewe kuyatafuta. Baiskeli yake, aliyokuwa akiisukuma tangu Krismasi kwa sababu ya pancha, aliikuta asubuhi moja mlangoni gurudumu likiwa limejaa upepo na mnyororo umetiwa mafuta. Koti lake, alilokuwa akilitundika kwenye msumari wakati wa kwaya, lilikuwa na kifungo kilichoning'inia kwa uzi mmoja. Siku moja akalivaa, akakuta kifungo kimeshonwa imara, kwa uzi mweusi. Mtu akamwekea mwavuli dirishani siku masika yalipoanza. Hata Kantilal alikuwa na mkasa wake huko ghalani, maana kila asubuhi alikuta baraza imefagiliwa, asimjue mfagiaji. "Anataka nini huyu?" aliuliza, akiwa amechanganyikiwa kabisa. Siku ya tano akamwachia mfagiaji chai kwenye ngazi, na kwa kupitiwa tu akamwita Aristides kwa jina lake.

Kisha mwishoni mwa Machi homa ikamlaza Aristides chali, katika chumba alichopanga kwa Mzee Awadhi, Mtaa wa Sikukuu. Siku ya kwanza alfajiri, bakuli la mtori wa ndizi mlangoni. Saa nne, bakuli jingine. Saa sita, uji. Alasiri, mtori tena, na wa jioni ulikuwa na nyama. Mzee Awadhi aliyaingiza yote moja moja, akiyanusa njiani.

"Shikamoo, Mzee," alisema Aristides kwa sauti ya mgonjwa. "Nani analeta?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeapishwa nisiseme. Lakini hebu niambie, una wachumba wangapi? Maana mimi nina wake wawili na sijawahi kuletewa mabakuli matano kwa siku moja."

"Sina hata mmoja."

"Basi una watu," alisema Mzee Awadhi. "Mtu mwenye watu ana bahati. Huu wa mwisho sitaki upotee bure, utanigawia."

Aristides akageukia ukuta, akalia kidogo, kwa sababu ya homa, alijiambia. Alikuwa na watu! Yule mmoja aliyemwandika alikuwa mmoja tu, na dunia haikosi mmoja. Wengine wanampenda, na ushahidi ulikuwa tumboni mwake. Alipopona alitembea Kariakoo nzima akiwaamkia hata wauza dawa ya kunguni. Alimsifu Tarsis kwa noti moja aliyoipata sawasawa, Tarsis akageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine anayesifiwa. Na hotuba ya uenyekiti ikaandikwa, kurasa nne, ikianza na maneno, "Ndugu zangu, upendo wenu umeniinua."

Jumamosi Kuu ikafika. Siku hizo moto wa Pasaka bado uliwashwa asubuhi kweupe, jua liwake au mvua inyeshe, na siku hiyo ilikuwa imenyesha. Baada ya ibada makaa ya moto ule yakatiwa katika karai, nje uani. Vijana wakapita mmoja mmoja, kila mtu akadondosha karatasi yake, kimya kama walivyofundishwa. Manyunyu yakaanza tena, wakakimbilia ndani kwenye chai. Aristides akabaki, kwa sababu katibu lazima aone kazi imekwisha. Severa naye akabaki, kwa sababu karai lilikuwa la mjomba wake.

Makaa yalikuwa yamelowa. Karatasi zikajikunja, zikafuka moshi, zikakataa kuwaka. Upepo ukapiga, ukazirusha uani, na Aristides akainama kuziokota kabla matope hayajaziwahi. Moja ilikuwa imefunuka.

ARISTIDES.

Alidhani ni yake. Lakini yake ilikuwa bado kiganjani, hakuwa ameidondosha. Akaokota ya pili: KANTILAL. Ya tatu: ARISTIDES. Hapo kanuni ikafa. Akazifungua zote, amechuchumaa mvuani, koti likiburura kwenye matope. ASKARI WA SOKO. ARISTIDES. MWENYE NYUMBA. ARISTIDES. SHANGAZI. Na jingine la mtu asiyemjua, na tena ARISTIDES.

Akahesabu. Tano chini, moja mkononi. Yakamjia yote kwa pamoja, baiskeli, mwavuli, kifungo, mtori wa alfajiri na mtori wa jioni. Kumbe hakuwa amepewa kama ndugu. Alikuwa amepewa kama mzigo wa Kwaresima, kama watu wengine wanavyoacha nyama. Hotuba ya kurasa nne ilikuwa mfukoni mwake, na aliisikia inamchoma kifua. Alitamani ardhi ya Kariakoo ipasuke immeze pamoja na filimbi yake.

"Umesoma," alisema Severa nyuma yake.

"Sita," alisema Aristides bila kugeuka. "Katika kumi na moja, sita."

Severa alijaribu kujizuia asicheke. Mungu shahidi, alijaribu, aliuma hata pembe ya khanga. "Basi," alisema, "uchaguzi umeshaushinda."

Kisha mabega ya Aristides yakaanza kutikisika, na Severa akaogopa kwamba analia, akazunguka mbele kumtazama. Alikuwa anacheka na kulia yote mawili, mvua ikimsaidia kuficha.

"Mimi hii nilijichota mwenyewe," alisema, akimwonyesha ya kiganjani. "Siku zote hizi nimekaa naye."

"Ulijichota! Na je, anakalika?"

"Ana kelele."

"Hilo tunalijua," alisema Severa. Akachuchumaa naye. "Nikwambie kitu? Moja ya hizi ni yangu. Daftari lako limeniandika mara tisa. Mara zote tisa nilikuwa namwogesha bibi yangu, hawezi kusimama, na hukuniuliza hata mara moja. Nikakuandika kwa hasira mpaka penseli ikavunjika ncha. Halafu nikatia mkono koponi, nikakuchota wewe yule yule."

"Mungu kakujibu," alisema Aristides kwa sauti ndogo.

"Alinijibu vibaya, nilimnunia siku tatu. Kifungo chako nilikishona nimefura, nikajichoma kidole, nikasema hata damu yangu anaitaka huyu. Kisha filimbi ikapotea. Kisha ukaacha kuniandika. Ulipougua nikakuletea mtori, nikakuta kwa Mzee Awadhi kuna mabakuli mawili yamenitangulia, nikaona wivu. Wivu, Aristides! Nikarudi nyumbani najiuliza, mtu mgumu vile, nimuonee wivu wa nini? Nikaurudisha jioni ukiwa na nyama." Akashika ncha ya khanga, akaikamua maji. "Jumamosi iliyopita nilikagua koti lako lote, natafuta kifungo kingine kilicholegea. Vyote vimeshika. Nikasikitika."

Aristides akazikusanya karatasi zote kiganjani. "Umeshalitangaza jema lako. Limekufa."

"Lizikwe," alisema Severa. Akamnyang'anya karatasi zote sita na zile nyingine, akazisukuma chini ya makaa kwa kijiti, akapuliza mpaka moto ukashika.

Hotuba ya kurasa nne ikafuata. Ilikuwa kavu, ikawaka vizuri kuliko zote.

Jumatatu ya Pasaka chama kikakutana. Padri Anselmi aliuliza nani anataka kupendekeza jina la mwenyekiti, na macho yote yakamwendea Aristides, mengine kwa huruma. Aristides akasimama, akasema sentensi moja. Alimtaja Tarsis. Tarsis alipaliwa na chai, akapigwa mgongoni na watu watatu, na alipoweza kupumua akasema hawezi, yeye ni wa baiskeli tu. "Ndiyo hasa," alisema Aristides, "unajua kujaza upepo bila kupiga filimbi." Tarsis akaona haya, akatazama sakafu, na kwa namna alivyotazama sakafu Aristides akajua pancha ile aliiziba nani. Mikono ikanyooshwa, yote ya kulia. Kwaya ilipoanza, besi ya mwenyekiti mpya ilikwenda ilikotaka, na hakuna aliyeisumbua.

Aristides alikuwa ametundika koti lake kwenye msumari kama kawaida. Severa alichelewa dakika kumi siku hiyo. Aristides alimwinukia, akamuuliza bibi ameamkaje, naye akajibu ameamka salama, amekula. Kisha Severa akapita karibu na msumari. Akasimama. Akalishika koti, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Kifungo cha pili kutoka juu hakikuwapo. Palibaki nyuzi fupi tatu, zimechanwachanwa.

"Hiki hakikukatika," alisema polepole, akimtazama katibu. "Hiki kimeng'atwa."

Aristides alitazama dari kama mtu anayehesabu mabati. Kisha akatia mkono mfukoni mwa shati, akakitoa kifungo, akamnyooshea kwenye kiganja. Kwa haraka alikuwa ametumia mkono wa kushoto.

Severa aliutazama mkono ule, akautazama ubao wa Padri mlangoni, akacheka mpaka kwaya ikapoteza mstari.

"Kwaresima imekwisha, bwana Katibu," alisema. "Halinilazimu tena kopo wala karatasi. Nikikushonea sasa, nakushonea kwa kupenda kwangu."

Akakichukua kifungo, akaketi kwenye benchi na koti magotini, akaomba aliye na sindano ampe.